Maski si mla vyura, mbona anawarukia?

Miaka ya 1990 watafiti walipochunguza matumbo ya maski zaidi ya 1,000, samaki wawindaji wakubwa wa Amerika Kaskazini, kutoka maziwa ya kaskazini mwa Wisconsin, Marekani, walichokikuta karibu chote kilikuwa samaki. Pechi wa njano alitia fora, pamoja na saka, yule samaki mpole wa chini mwenye midomo ya kunyonya. Chura alikuwa mgeni wa nadra. Sasa ingia duka lolote la wavuvi huko huko kaskazini, mjini Hayward kwa mfano, uangalie ukuta wa vyambo bandia: kijani chenye madoa kutoka sakafuni hadi darini. Vyura wa mpira, vyura wa mbao, vyura wa manyoya ya kulungu, na hata vyambo vyenye umbo la samaki mtupu vilivyopakwa rangi ya chura mgongoni.

Ama wenye maduka wanatuuzia ndoto, ama maski hajasoma ripoti ya watafiti. Mimi naona shida iko kwenye neno lenyewe. Wavuvi wa maski wanaposema "chura" wanamaanisha vitu vinne au vitano visivyohusiana, na ubishi mwingi wa mashuani ni wa watu wawili wanaotumia neno moja kwa mambo mawili. Kila kitu kati ya hivyo hunasa samaki kwa sababu yake, na sababu hizo mara nyingi hazina habari na chura.

Kwanza maski mwenyewe, kwa msomaji aliyezoea sangara wa Ziwa Victoria. Ni samaki wa maji baridi, mwili mrefu kama mchi, mdomo bapa kama wa bata, na ndani ya mdomo huo meno ambayo hayamwachii alichokishika. Kitaalamu ni Esox masquinongy. Waojibwe, walioishi kwenye maziwa hayo kabla ya Wazungu kufika, humwita maashkinoozhe. Wageni wakalifinyanga jina hilo mpaka likawa refu na gumu, wavuvi wakalikata, likabaki maski. Wisconsin ilimtangaza kuwa samaki rasmi wa jimbo mwaka 1955. Jirani yao Minnesota, ukimnasa maski asiyefika inchi 54, yaani sentimita 137, sheria inakutaka umrudishe majini, na wavuvi wengi humrudisha hata akifika. Ni wachache. Ziwa lenye maski mzima mmoja kwa kila ekari huhesabiwa kuwa na neema. Ndiyo maana wanamwita samaki wa mitupo 10,000, na mtu aliyetupa mshipi mara 9,000 bila kitu huwa tayari kuamini lolote, pamoja na chura.

Tuanze na chura aliye hai, kwa kuwa ndiko hadithi ilikoanzia. Zamani walimtoboa midomo kwa ndoano au kumfunga kwenye hatamu ndogo ya waya, wakamburuta taratibu kati ya majani ya yungiyungi akipiga mateke. Aliyetumika zaidi ni chura wa madoa wa kaskazini, kijani au kahawia, mwenye urefu wa sentimita 5 hadi 9. Sasa piga hesabu. Maski wa sentimita 120 humeza samaki wa sentimita 30 bila taabu. Kwake chura huyo ni karanga. Ataila ikimpita puani, lakini hawezi kuinuka kitandani kwa ajili yake.

Halafu kuna suala la nani anaishi na nani. Chura wa madoa hutaga mayai majira ya kuchipua kwenye vidimbwi vya kina kifupi, mara nyingi visivyo na samaki, la sivyo viluwiluwi wake wasingesalimika. Kiangazi chote yuko nyasini akiwinda wadudu, mbali na ufuko. Ni vuli tu, baridi inapoanza kuuma mwezi Septemba na Oktoba, ndipo anaporudi ziwani kulala chini ya barafu, ametulia juu ya tope akipumua kwa ngozi. Usiku wa mvua katika wiki hizo, barabara za kando ya ziwa hujaa vyura wanaovuka. Kama kuna kipindi ambacho maski hukutana na vyura wengi kwa mpigo, ni hicho. Lakini ni kipindi hicho hicho anachojinenepesha kwa saka na sisko, samaki wenye mafuta, kujiandaa kwa baridi. Mtu mwenye sahani ya nyama mezani hagombanii karanga.

Jirani wa kweli wa maski ni chura mwingine kabisa, chura minki, anayekaa juu ya majani ya yungiyungi kiangazi kizima huko Minnesota, Wisconsin na Ontario, Kanada. Ukimshika anatoa harufu ya kitunguu kilichooza. Kwa haki yeye ndiye angepaswa kuupamba ukuta wa duka, ila umaarufu umekwenda kwa binamu yake wa madoa. Labda ni ile harufu.

Leo chura hai ametoka katika mtindo, na mimi sisikitiki. Sheria hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, hivyo kitabu cha kanuni cha mahali unapovua husomwa kabla ya ndoo kujazwa. Sababu kubwa si huruma peke yake. Chura anayebebwa kutoka ziwa hili hadi lile hubeba wageni: kuvu wa kitridi anayeshambulia ngozi ya vyura, na virusi vya kundi la ranavirusi vinavyoweza kuua viluwiluwi wa kidimbwi kizima kwa siku chache. Minnesota wana uchungu wao na vyura. Mwaka 1995 wanafunzi waliokuwa matembezini karibu na Henderson waliokota vyura wa madoa wenye miguu iliyopinda, iliyopungua au iliyozidi, na habari ikazunguka dunia. Baadaye minyoo vimelea ilitajwa kuwa moja ya sababu. Tangu hapo chura wa huko si kitu cha kutupwa tu kwenye ndoano.

Na kuna upande wa samaki. Chambo hai cha ndoano moja, cha aina yoyote, kilivuliwa kwa kusubiri: unampa maski muda ameze, kisha unavuta. Ndoano hukaa tumboni. Samaki huogelea akaenda zake, mvuvi akatabasamu, na wiki kadhaa baadaye samaki akafa mahali asipoonekana. Watafiti wa Wisconsin waliwafuatilia samaki wa namna hiyo na kuonyesha kwamba kuachiwa si kupona. Kwa watu wanaovua ili warudishe, njia hiyo ilikosa maana.

Kabla plastiki haijaenea kulikuwa na daraja la kati ambalo mimi hulipenda kulisimulia, ingawa msomaji wa Pwani atanivumilia. Miaka ya 1920, mjini Fort Atkinson, Wisconsin, kampuni ya Uncle Josh ilianza kuuza vyura waliokatwa kutoka ngozi na mafuta ya nguruwe. Masimulizi yanasema wavuvi wawili waliishiwa vyura, wakachukua kisu na kipande cha nguruwe, wakachonga chura mwenye miguu miwili. Kiliuzwa kwenye chupa ya maji ya chumvi kwa miongo mingi. Utamu wa chambo hicho haukuwa sura. Ilikuwa ile miguu laini iliyocheza majini kila chambo kilipovutwa. Tayari hapo mtu angeweza kushtuka: samaki hakuhitaji chura, alihitaji kitu kinachotikisika.

Sasa tufike kwa chura wa mpira, yule mwenye tumbo tupu, maana hapa ndipo penye nyama.

Chura wa tumbo tupu ni kifuko laini chenye hewa. Ndoano pacha hutokea nyuma yake na kulala zikibana mgongo, ncha zikitazama juu, zimefichwa na mpira wenyewe. Mnyama huyo hupita juu ya jani, nyasi, gogo, mpunga mwitu, popote, bila kunasa. Samaki anapouma, mpira hubonyea na ncha zikatokeza. Ni ubunifu wa akili sana, na haukufanywa kwa ajili ya maski. Ulifanywa kwa ajili ya besi wa mdomo mpana, samaki wa ukubwa wa kawaida anayefungua kinywa kama ndoo na kufyonza maji pamoja na kila kilichomo.

Faida yake kwa mvuvi wa maski ni mahali. Fikiria bwawa la Chippewa kule Wisconsin. Lilitengenezwa kwa kuziba mto mwaka 1923, maji yakafunika makazi, makaburi na mashamba ya mpunga mwitu ya Waojibwe wa Lac Courte Oreilles, dhuluma ambayo hawajaisahau. Kilichobaki ni maji ya rangi ya chai, visiki vingi, visiwa vya mboji vinavyoelea, na ghuba zilizofunikwa majani kama zulia. Ndani ya vivuli hivyo hukaa maski ambao hawajawahi kuona chambo, kwa sababu kila chambo chenye ndoano tatu zinazoning'inia kinarudi mashuani na kilo moja ya magugu. Chura wa mpira anaingia. Huo ndio uchawi wake wote: anafika wasikofika wenzake. Angekuwa na umbo la panya au la bata mchanga angefanya kazi ile ile, na kweli vyambo vya panya na vya bata vipo na vinanasa.

Ubaya wake unaonekana maski anapouma. Besi hufyonza, maski hukamata. Hubana mawindo kwa taya kama koleo, mara nyingi kwa upande, huyashikilia, kisha huyageuza taratibu aanze kuyameza kwa kichwa. Meno yakishazama ndani ya mpira, chura amegandishwa. Unavuta kwa nguvu zako zote, ndoano hazisogei hata milimita kwa sababu samaki ameshika mpira wenyewe. Anakuvuta kidogo, anachoka na mzaha, anafungua mdomo. Mvuvi anabaki na chura aliyetoboka anayejaa maji na kuzama. Ndiyo maana wanaovua maski kwa chura hutumia ufito mgumu na mshipi wa kusukwa wa ratili 80 au zaidi, na mbele yake kipande cha waya au nailoni nene ya kuzuia meno. Wengine huongeza ndoano ya ncha tatu nyuma. Inasaidia, lakini umekwisha kuuza ile sifa ya kupita kwenye majani.

Kuna kosa jingine, na hili ni la mikono, si la vifaa. Mara yangu ya kwanza maji yalifumuka kama mtu ametupa tofali, nami kwa woga nikavuta papo hapo. Chura aliruka kutoka majini akanipiga kifuani. Mwenzangu alicheka hadi akakaa chini. Maski hukosa shabaha ya kitu cha juu ya maji mara nyingi kuliko mtu anavyodhani, hasa akitokea chini ya majani asiyoweza kuona kupitia. Kinachotakiwa ni kuendelea kuvuta kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka uzito wa samaki uusikie mkononi. Macho yanadanganya, mkono haudanganyi. Ni rahisi kusema.

Mshipi ule mnene si majivuno. Majani huwa mazito zaidi Julai na Agosti, na ndipo maji huwa ya moto zaidi. Yakifika takriban nyuzi 27 za Selisiasi, wavuvi makini huacha kabisa kumtafuta maski, kwa kuwa pambano refu kwenye maji hayo huweza kumuua hata akiachiwa vizuri. Samaki aliyejizungusha kwenye mashina ya yungiyungi huchukua muda kutolewa. Kwa hiyo msimu mzuri wa chura wa mpira na msimu mbaya wa kumchosha samaki vinaingiliana, na kipimajoto cha bei ndogo kina kazi kubwa kuliko chambo cha bei kubwa. Wavu mpana, koleo ndefu na kikata ndoano viwe karibu, mashua isiwe ghala.

Aina ya tatu ya "chura" haina sura ya chura hata kidogo. Ni vyambo vya kelele vya juu ya maji. James Heddon wa Dowagiac, Michigan, alichonga vyura wa mbao mwishoni mwa karne ya 19, na kutoka kwenye mkono wake ikakua biashara nzima ya vyambo vya mbao Marekani. Miaka ya 1930 Fred Arbogast wa Akron, Ohio, akatoa Jitterbug, kipande kifupi chenye bamba la chuma usoni ambalo huyumba kushoto na kulia likitoa mlio wa maji yanayokorogwa. Rangi yake ya chura ni maarufu mpaka leo. Karibu na zama zetu Larry Dahlberg alibuni Whopper Plopper, chambo chenye mkia unaozunguka na kutwanga maji, na kile kikubwa cha sentimita 19 kilikusudiwa maski tangu mwanzo.

Sikiliza vyombo hivyo vikipita jioni ziwa likiwa shwari. Hakuna chura anayetoa sauti hiyo. Methali yetu inasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kwa maski kelele ndizo mwaliko. Pembeni mwa mwili wake na kichwani mna vitundu vinavyohisi mtikisiko wa maji, na macho yake yamekaa juu ya kichwa yakielekea juu. Amejengwa kutambua kitu kinachohangaika juu yake. Ndiyo maana mwendo wa kupumzika-pumzika, ambao ni mtamu kwa besi, mara nyingi humharibia mvuvi wa maski. Chambo kikienda kwa mdundo mmoja usiobadilika, samaki hujua kitakuwa wapi sekunde ijayo na hulenga hapo. Ukikisimamisha, analenga pasipo na kitu. Na kikifika ubavuni mwa mashua usikitoe haraka: zungusha ncha ya ufito uchore nane kubwa majini, kwani maski wengi hufuata hadi mwisho na kuuma pale pale miguuni pako.

Imebaki rangi, na rangi ndiyo inayouzwa zaidi ikaeleweka kidogo zaidi.

Chambo cha juu ya maji hutazamwa kutoka chini. Samaki anaona kivuli cheusi mbele ya anga yenye mwanga. Mgongo wa kijani wenye madoa yaliyochorwa kwa ustadi hauoni kamwe mpaka chambo kiwe tayari mdomoni mwake. Anayeuona ni mnunuzi. Jioni jua likizama, hata tumbo la manjano hugeuka kivuli, na wavuvi wa usiku wengi huchagua nyeusi tii, kwa kuwa kivuli chenye kingo kali ndicho kinachoonekana. Kuhusu vyambo vya juu, basi, rangi ya chura ni pambo la sanduku.

Lakini chukua rangi hiyo hiyo uiweke kwenye chambo kinachopiga mbizi, chenye umbo la samaki, kinachovutwa kando ya magugu kwa kina cha meta mbili. Mgongo wa kijani. Mabaka meusi ubavuni. Tumbo la manjano, na mara nyingi mguso wa rangi ya chungwa karibu na koo. Sasa mtazame pechi wa njano: kijani juu, mistari myeusi ubavuni, manjano chini, mapezi ya chini yenye rangi ya chungwa. Ndiye yule aliyejaa matumboni kwenye ripoti ya Wisconsin. Mvuvi anafurahi kwamba maski kala "chura" wake, na maski yeye hajamwona chura yeyote. Ameona chakula chake cha kila siku kikipita.

Kwenye sanduku langu kuna vyura wawili wa mpira, wote wa kijani chenye madoa, kwa sababu dukani ndio waliokuwapo. Nimewageuza chali nikawapaka tumbo lote kwa kalamu ya wino mweusi.